Nilikwenda kujifunza kompyuta, nikamkuta marehemu baba

MSOMAJI, umewahi kuketi darasani na vijana wanaotosha kuwa vitinda mimba wa mama yako, ukainua mkono kuuliza swali, na darasa zima likakugeukia kana kwamba ni kiti kilichosema? Mimi yamenifika. Nina umri wa miaka thelathini na kitu (hicho kitu ni siri yangu na kitambulisho), nina stashahada ya uanahabari iliyotundikwa ukutani sebuleni, na kwa miaka zaidi ya kumi nimejipatia riziki kwa kalamu. Hata hivyo, mwaka wa 2024 nilinunua daftari la kurasa 96, nikapanda ngazi hadi orofa ya tatu ya jumba moja hapa Kahawa Wendani, nikajiandikisha kuwa mwanafunzi.

Kilichonipeleka huko ni aibu. Nilikuwa nimeandika makala kuhusu wanafunzi na kodi za nyumba, na humo nikasema kwamba Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianzishwa 1985. Maneno hayo nilikuwa nimeyachota mtandaoni, mahali pa kwanza nilipoyakuta, saa nne za usiku, huku mhariri akinihimiza. Siku ya pili yake simu ikalia. Alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Kahawa Sukari. Alinisalimu kwa upole, akaulizia watoto, kisha akasema: "Binti yangu, ikiwa chuo kilianza 1985, mimi mwaka wa 1972 nilikuwa nasomea wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwani mahali pale palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Templer. Mwaka wa 1965 kambi ikakabidhiwa serikali ya Kenya, ikageuzwa Chuo cha Kenyatta. Mwaka wa 1970 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1985 ndipo kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili. Na chuo chenyewe, msomaji, nakiona kila asubuhi nikianika nguo! Kiko ng'ambo tu ya barabara kuu ya Thika. Mhariri hakunifokea. Aliniangalia tu, akarudi kwenye karatasi zake. Heri angenifokea.

Hebu nikueleze kidogo kuhusu mtaa huu, iwapo wewe ni wa Rongai au Kisauni. Wendani kwa Kikuyu ni mapenzi ya watu wanaopendana, na kwa Kiswahili, kama ujuavyo, wendani ni marafiki wa chanda na pete. Jina limeupata mtaa wake, maana hapa tunaishi tukisikia hata mwenzako akipiga chafya orofa ya juu. Tangu barabara ya Thika ipanuliwe na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, majumba yameota kama uyoga, na mengi yamejaa wanafunzi. Asubuhi wanavuka kwenda masomoni na mikoba mgongoni, jioni wanarudi kununua chapati na maharagwe kibandani. Kila mmoja ana simu mkononi, na kila mmoja anakwambia anajua kompyuta.

Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo. Lakini sisi tuliosoma wakati ule tulisoma vipi? Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009, nami nilikuwa chuoni. Tulikuwa tukipanga foleni kwenye saiba, shilingi moja kwa dakika, jicho moja kwenye kiwambo na jingine kwenye saa. Ukipata jibu hukuuliza limetoka wapi. Ulilinakili mbio mbio kabla shilingi ishirini zako hazijaisha. Chuoni walitufunza kuhoji mtu, kuandika kichwa cha habari na kupanga aya. Kutafuta jambo, hakuna aliyetufunza. Tulidhani kutafuta ni kuandika neno na kubofya.

Chuo nilichojiandikisha sitakitaja jina, kwa sababu kati ya kompyuta kumi, mbili zilikuwa mahututi tangu wiki ya kwanza, na stima ilikuwa na mazoea ya kutoweka pale tu unapokaribia kuhifadhi kazi yako. Masomo yalikuwa kila Jumamosi kwa wiki 12. Mhadhiri wetu alikuwa kijana mwembamba ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, mwenye sauti ya chini, na aliyekuwa na ugonjwa wa kujibu swali kwa swali. Wenzangu waliniita "Madam". Siku ya kwanza walidhani mimi ndiye mhadhiri, wakanipangusia kiti.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni swali moja: Ruiru ina watu wangapi? Akatupa dakika kumi. Vidole vya vijana vilicheza kwenye vibonye kama mvua juu ya mabati. Mmoja akapaza sauti: 371,111! Mwingine akamcheka, akasema ni 490,120. Binti aliyekaa karibu nami akasisitiza kuwa ni 238,858, naye ameiona kwa macho yake. Mabishano yakazuka kama ya uwanja wa mpira. Mwalimu akanyamaza, mikono mfukoni, hadi walipochoka. Ndipo akasema wote watatu wamesema kweli.

Tukapigwa na butwaa. Akatueleza polepole. Ile ya 238,858 ni ya mji wa Ruiru katika sensa ya 2009. Zile nyingine mbili zote ni za sensa ya 2019, ila 371,111 ni watu wa kaunti ndogo ya Ruiru, na 490,120 ni watu wa mji wa Ruiru, na mipaka ya mji haifuatani na mipaka ya kaunti ndogo. "Nambari haisemi uongo," akasema, "lakini ukiichukua bila kuiuliza wewe ni wa nani, wa mwaka gani, na umehesabiwa ndani ya mpaka gani, basi wewe ndiye utakayesema uongo." Nilimkumbuka yule mzee wa Sukari, uso ukanipata moto.

Sitakuchosha na kila somo. Kuhusu vidole, vijana walinishinda mbali. Majedwali ya hesabu yalinitoa kijasho chembamba, na siku mwalimu alipoona jinsi ninavyohifadhi kazi zangu (Makala Mpya, Makala Mpya ya Mwisho, Mwisho Kabisa, Mwisho Kabisa 2) alikaa chini kwanza. Alinifunza kuanza jina la faili kwa tarehe, mwaka mbele. Jambo dogo hilo, lakini tangu hapo sijapoteza makala. Kwa upande wangu niliwashinda kwa kushuku. Kazi ya gazeti hukupa hilo, ukikubali kuipa nafasi.

Lakini kisa cha yule kijana wa mambo ya hoteli lazima nikusimulie. Tulipewa kazi ya kuandika kurasa tatu, na kutaja vitabu tulivyotumia. Yeye aliiagiza akili mnemba imwandikie, nayo ikamwandikia vizuri ajabu, ikamtajia kitabu cha profesa mmoja wa Kenya, mwaka wake na hata ukurasa. Mwalimu hakumkaripia. Alimwomba tu aende maktaba amletee kitabu hicho akione. Kijana akatoka akipiga mluzi. Alirudi baada ya saa mbili, shati limelowa jasho. "Mwalimu," akasema, "profesa yupo. Kitabu hakipo. Hajawahi kukiandika." Darasa likaangua kicheko, naye akacheka pia, lakini tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kuuliza: hii imetoka wapi?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Jumamosi ya tano mwalimu alitufundisha kusoma Gazeti Rasmi la Serikali. Wengi wetu tunalijua kwa jina tu. Hutoka kila Ijumaa, na humo mna uteuzi wa wakubwa, kampuni zinazofungwa, hati za ardhi zilizopotea, na mirathi. Matoleo yake husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Alituonyesha kwamba yale ya zamani yamepigwa picha, kwa hiyo kompyuta huweza kupitwa na neno ambalo jicho lako linaliona wazi, lakini haya ya sasa ni maandishi, unaweza kutafuta neno ndani yake kwa kubonyeza vibonye viwili. Kisha akatuonya: "Msitafute jina la mtu pekee. Majina yetu yaliandikwa na makarani kwa masikio yao. Tafuteni pia kijiji, mahakama, nambari ya shamba."

Kazi ilikuwa kila mtu atafute tangazo lolote la upande wa kwao. Mimi kwetu ni upande wa Gatundu. Nikafungua toleo la Ijumaa ya wiki iliyotangulia, nikaandika jina la kijiji chetu, nikabonyeza. Kompyuta ikaniruka kurasa nyingi, ikasimama katika safu ya mirathi.

Msomaji, niliona jina la baba yangu.

Baba alifariki 2016. Jina lilikuwa lake, majina yote matatu, ila la mwisho lilipungukiwa na herufi moja. Tarehe ya kifo ilikuwa yake. Tangazo lilisema kuwa ombi limeletwa mahakamani la kupewa usimamizi wa mali ya marehemu, na kwamba mahakama itautoa usipoletwa upinzani katika muda wa siku 30 tangu kuchapishwa. Mwombaji alikuwa ndugu wa marehemu. Yaani baba yangu mdogo. Mama, aliyemwosha marehemu miguu kwa miezi saba ya ugonjwa wake, hakutajwa.

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Siku nane zilikuwa zimepita, zikibaki 22. Yule binti jirani yangu aliniuliza, "Madam, u mzima?" Nikamwambia stima ya macho imepotea kidogo. Mwalimu alikuja, akainama, akasoma. Hakusema neno. Aliniandikia kwenye kipande cha karatasi nambari ya tangazo, ukurasa na tarehe, akanionyesha jinsi ya kuhifadhi ukurasa ule, kisha akawaambia wengine watoke mapema.

Huenda unajiuliza kwa nini hatukuwa tumeshughulikia mirathi miaka yote hiyo. Swali la haki. Jibu ni lile la familia nyingi: tulikuwa tunangoja. Mama alisema tungoje matanga yaishe, kisha tungoje ndugu yangu arudi kutoka Qatar, kisha karo, kisha korona. Hati miliki ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na kwetu sisi sanduku lile ndilo lilikuwa mahakama.

Jumapili alfajiri nilipanda matatu hadi Thika, kisha nyingine ya kupandisha kwetu. Mama nilimkuta akichambua maharagwe. Nilimsomea tangazo, kwanza kwa Kiingereza kama lilivyo, kisha kwa lugha yetu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Wameandika jina lake vibaya?" Nikasema ndiyo. "Hata hilo," akasema, akaendelea kuchambua.

Rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya upili ni wakili. Alinieleza kwamba Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981, humpa kipaumbele mjane au mgane aliyeachwa, kisha warithi wengine, na kwamba watoto, wa kike kwa wa kiume, ni sawa. Ndugu wa marehemu hatangulii mbele ya mke na watoto. Lakini wakili akaongeza kuwa mahakama haina macho ya kijijini, hujua yale iliyoandikiwa. Ikiwa imeandikiwa kuwa marehemu hakuacha mke, nani ataiambia vinginevyo? Tukawasilisha pingamizi zikiwa zimesalia siku tisa.

Baba mdogo naye alikuwa na neno lake, na ni haki ulisikie. Mbele ya wazee alisema shamba lile lilikuwa la babu, kwamba baba aliandikishwa kwa niaba ya wote wawili kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwamba yeye amezeeka bila pa kuzikwa. Wazee wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Mimi mwenyewe nilitetereka. Je, kama ni kweli? Usiku ule sikupata usingizi. Nilijiona kama nimerudi ubaoni: wa nani, wa mwaka gani, ndani ya mpaka gani?

Basi nikafanya kama nilivyofunzwa. Kumbukumbu za ardhi za kwetu hazikuwa kwenye kompyuta yangu. Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa 2021, ulianza na Nairobi. Nilikwenda kwa miguu yangu kwenye ofisi ya usajili, nikajaza fomu, nikalipa, nikangoja kwenye benchi na akina mama wengine wenye bahasha za khaki. Nilipopewa kuisoma kadi ya shamba la baba, ile wanayoiita kadi ya kijani, niliona mstari ambao zamani ningeuruka: kwamba nambari hii imetokana na kugawanywa kwa nambari nyingine ya awali. Nikaomba nambari ya awali. Ilikuwa ya babu. Mwaka wa 1983 aliigawa vipande viwili, nambari zikifuatana. Kimoja kikaandikwa jina la baba. Cha pili kikaandikwa jina la baba mdogo, naye akakiuza mwaka wa 1994.

Ungedhani nilitoka ofisini nikiruka. La. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na nakala mkononi, nikakumbuka mwaka wa 1994. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka baba mdogo alikuja kwetu na koti jipya, akatununulia mikate mitatu na soda ya kila mtu. Tulimshangilia.

Mahakama ilituelekeza kwenye upatanisho. Nilipoziweka zile kadi mbili mezani, hakuna aliyepiga kelele. Baba mdogo alizitazama, akavua kofia, akaomba maji. Aliliondoa ombi lake. Hati ya usimamizi ilitoka kwa jina la mama na langu, safari hii herufi zote zikiwepo, maana nilizikagua mara nne. Na mama, bila kumuuliza mtu, akasema shemeji yake atazikwa pale pale, karibu na kaka yake, siku ikifika. Ndugu yangu aliye Qatar alipiga simu kuteta. Mama akamwambia simu haisikiki vizuri.

Masomo niliyamaliza. Katika insha yangu ya mwisho niliandika historia ya Kahawa Wendani, na nilimpelekea nakala yule mzee wa Sukari kabla ya kumpa mwalimu. Aliirudisha na alama saba za kalamu nyekundu. Sita zilikuwa haki yangu. Ya saba nilimpinga, nikampelekea ushahidi, naye akanikaribisha chai.

Kisha, Jumapili moja baada ya kanisa, mlango wangu ukabishwa. Alikuwa baba mdogo, peke yake, amebeba mfuko wa maparachichi. Hakuwahi kufika kwangu. Nimezaliwa kifungua mimba, nikapewa jina la mama yao, na kwa desturi yetu yeye huniita "maitu", yaani mama. Tangu kesi ianze hakuwa ameniita hivyo. Alikunywa chai, akasifu nyumba, akalalamikia ngazi. Halafu akatoa kwenye koti karatasi iliyokunjwa hadi ikachakaa pembeni. Ilikuwa mapatano ya mauzo ya 1994. Alilipwa nusu, akasema, na nusu ya pili mnunuzi aliahidi baada ya mavuno. Hakumwona tena, wala hakuwahi kumwambia baba.

"Maitu," akasema, "ile mashine yako. Hebu mtafute mtu huyu."

Nikaifungua kompyuta, nikamuuliza jina la mnunuzi linaandikwaje. Akafikiri. Akasema karani aliliandika kwa herufi moja na mwenyewe alikuwa akiliandika kwa nyingine.

"Basi tuanze na kijiji," nikamwambia, naye akasogeza kiti.